Kubadili magurudumu na mkao wa Mercedes SEC bila kuliharibu umbo lake

MERCEDES-Benz SEC, gari la kifahari la milango miwili lililozinduliwa mjini Frankfurt, Ujerumani, mnamo Septemba 1981, halina nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma. Vioo vikishushwa, ubavu wake wote hubaki wazi. Wasanifu chini ya uongozi wa Bruno Sacco waliupunguza umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa milimita 85 kuliko ule wa gari la milango minne la S-Class, kisha wakalilaza paa. Hadi utengenezaji ulipokoma mwaka 1991, magari 74,060 yalikuwa yametoka kiwandani.

Anayetaka kulipendezesha gari kama hilo hana budi kukumbuka kwamba kiwanda chenyewe kilitangulia kulirekebisha. SEC za mwanzo zilivaa rimu za inchi 14, ambazo kwa bodi ndefu namna ile zilionekana ndogo. Katika mageuzi ya 1985 zilibadilishwa kuwa za inchi 15, zenye matundu 15 na uso bapa, ambazo Wajerumani walizibandika jina la utani Gullideckel, yaani mfuniko wa shimo la maji taka. Marekebisho yanayopendeza ni yale yanayoendeleza mwelekeo huo kwa hatua moja au mbili. Yanayoruka hatua tano huligeuza gari kuwa kichekesho.

Kipimo cha kwanza ni kimo cha gurudumu zima, tairi likiwemo. Tairi la 205/65 R15 lililokuja na gari lina kipenyo cha takriban milimita 648. La 225/55 R16 lina 654, na la 235/45 R17 lina 643. Yote mawili hayapishani na la awali hata kwa asilimia moja, hivyo kipimamwendo hakidanganyi na gia hazibadiliki tabia. Hata hivyo, ukuta wa tairi hupungua kutoka milimita 133 hadi 124 na 106. Mwenye rimu za inchi 18 na tairi la 225/40 hubakiwa na ukuta wa milimita 90 tu, na shimo moja la barabarani latosha kuipinda rimu. Kwa gari lililobuniwa kwa ajili ya utulivu, inchi 16 ndizo zinazofaa zaidi, na 17 ndio mwisho.

Kipimo cha pili huandikwa kwenye rimu kwa herufi ET. Ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. Rimu ya kawaida ya inchi 15 ni pana inchi 7 na ina ET 25. Ikiwekwa ya upana wa inchi 8 yenye ET hiyo hiyo, kila ukingo husogea milimita 12.7, wa nje kuelekea madigadi na wa ndani kuelekea springi. Namba ya ET ikipungua, gurudumu zima husukumwa nje. Huko nje ndiko macho yapendako, lakini likizidi, beringi huelemewa na usukani huwa mzito. Bolti nazo zisipuuzwe. Za asili zina kichwa cha mviringo kama mpira, ilhali rimu nyingi za watengenezaji wengine huhitaji zenye umbo la pia. Isiyolingana hushika sehemu ndogo tu ya tundu, na hulegea.

Ama kuhusu mkao, yaani jinsi gari linavyoketi juu ya magurudumu yake, hapa ndipo maovu mengi hutendeka. Fundi hukata springi kwa msumeno, au huichoma kwa gesi mpaka ikalegea, na chuma hupoteza ugumu wake. Kumbe juu ya springi za SEC kuna raba za unene mbalimbali, zenye vinundu vya kuzitambulisha. Kubadilisha raba nene kwa nyembamba hushusha gari kidogo, na kesho yake laweza kurudishwa lilivyokuwa. Atakaye zaidi anunue springi fupi pamoja na shokomzoba zinazolingana nazo. Nyuma, kila linaposhuka, ncha za juu za magurudumu hulalia ndani na matairi huliwa upande mmoja. Kwenye SEC zenye mfumo wa mafuta unaosawazisha kimo cha nyuma, springi fupi pekee hazisaidii, kwa maana vali hulinyanyua gari tena hadi kiungo chake kirekebishwe.

Milimita 25 hadi 30 zinatosha kabisa, hasa kwa barabara zenye matuta. Wakenya wanaolikumbuka gari lililotangulia SEC, yaani SLC, wanajua Hannu Mikkola aliliendesha hadi nafasi ya pili katika Safari Rally ya 1979. Huko hakuna aliyewazia kulishusha.

Mtindo wa rimu uendane na enzi ya gari. Penta za AMG zenye mikono mitano, au BBS zenye wavu, huonekana kana kwamba zilizaliwa nalo. Rimu za kung'aa za miaka ya karibuni hulifanya lionekane limeazima viatu. AMG na Koenig walipanua madigadi katika miaka ya 1980, na SEC pana halisi za AMG husakwa leo kwa bei kubwa. Za kuiga hazina soko hilo, na bodi iliyokatwa hairudi. Rimu na springi za awali zihifadhiwe ghalani.

Kazi ikiisha, magurudumu yasawazishwe upya kwa mashine. Kisha watu wanne waketi ndani, usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote mbili, na gari lipitishwe polepole juu ya tuta. Baadaye fundi aingize mkono chini ya kila madigadi kutafuta alama za msuguano.