Paul Tillich: Kasisi wa Mahandakini Aliyegeuka Mwalimu wa Seminari

Oktoba 1914, wiki chache tu baada ya kufunga ndoa, mchungaji kijana wa Kilutheri alijitolea kulitumikia jeshi la Ujerumani. Paul Tillich alikuwa na umri wa miaka 28. Alipangwa kuwa kasisi katika Divisheni ya 7 ya Akiba, akapelekwa Ufaransa. Alikuwa msomi tayari, mwenye shahada ya uzamivu ya falsafa kutoka Breslau, na kama vijana wengi wa nchi yake aliamini kwamba Mungu alikuwa pamoja na Kaizari. Mahubiri yake ya kwanza kwa askari yalijaa uzalendo huo.

Vita viliufuta. Na yale aliyoyaona kwa miaka minne mahandakini ndiyo yaliyokuja kuunda somo alilofundisha hadi kifo chake.

Tillich alizaliwa 20 Agosti 1886 katika kijiji cha Starzeddel, ambacho leo kiko Poland. Baba yake alikuwa mchungaji, na mtoto akaifuata njia hiyo hiyo: alibarikiwa uchungaji mwaka 1912. Huzuni ilimfika mapema, kwani alifiwa na mama yake akiwa na miaka 17. Lakini msiba wa nyumbani haukumwandaa kwa yaliyomngoja katika jimbo la Champagne.

Kazi ya kasisi wa jeshi ilikuwa kuendesha ibada, kuwapa askari Meza ya Bwana, kukaa na majeruhi na kuwazika wafu. Kadiri vita vilivyoendelea, kuzika kulizidi kuhubiri. Usiku mmoja wa mapigano ya Champagne mwaka 1915, majeruhi waliletwa mfululizo, naye akapita kati ya watu waliokuwa wakikata roho, wengine wakiwa rafiki zake. Baadaye alieleza kwamba usiku ule falsafa aliyojifunza chuoni, ile iliyoona kila jambo likielekea kwenye wema na upatano, ilimporomokea. Mwaka 1916 alikuwa Verdun. Zaidi ya mara moja nafsi yake ilizidiwa, akalazwa hospitalini, kisha akarudi kwa askari wake. Alitunukiwa Msalaba wa Chuma.

Katikati ya maangamizi hayo alipata faraja mahali asipopatarajia. Alipopata nafasi alitazama nakala za picha maarufu katika vitabu na majarida ya bei nafuu. Alipofika Berlin alikwenda makumbusho kuiona kwa macho yake picha ya Botticelli ya Bikira Maria na Mtoto, wakiwa wamezungukwa na malaika wanaoimba. Hakuisahau maisha yake yote. Tangu hapo alishikilia kwamba Mungu anaweza kumgusa mtu hata nje ya kuta za kanisa.

Baada ya vita alifundisha Berlin, Marburg, Dresden na hatimaye Frankfurt, alikoanza mwaka 1929. Yule aliyewahi kumhubiri Kaizari sasa alikuwa mjamaa wa Kikristo, na alilitambua upesi joho jipya la ibada ya taifa. Wanafunzi wa Kinazi walipowapiga wenzao Wayahudi na wa mrengo wa kushoto chuoni Frankfurt, Tillich alitaka wafukuzwe. Kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu ujamaa kilipigwa marufuku. Aprili mwaka huo huo alisimamishwa kazi, miongoni mwa maprofesa wa kwanza wasio Wayahudi kupatwa na hilo.

Mwanatheolojia Reinhold Niebuhr alimtafutia nafasi Union Theological Seminary, New York. Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na seminari haikuwa na fedha za mwalimu wa ziada. Walimu wa Union wakakubali kukatwa sehemu ya mishahara yao ili mgeni huyu alipwe. Alifika mwishoni mwa 1933, akiwa na miaka 47, akijua Kiingereza kidogo mno.

Alibaki Union hadi 1955. Darasani alianzia kwenye maswali ya binadamu: hofu ya kifo, hatia, maisha yasiyo na maana. Ndipo alipoigeukia Injili kutafuta jibu linalolingana na swali. Utaratibu huo ndio uti wa mgongo wa kazi yake kubwa ya theolojia, iliyotoka katika juzuu tatu mwaka 1951, 1957 na 1963. Kitabu chake cha 1952 kuhusu ujasiri wa kuishi kilisomwa na watu wengi wasiowahi kukanyaga seminari. Martin Luther King, katika tasnifu yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1955, alilinganisha fundisho la Tillich kuhusu Mungu na la Henry Nelson Wieman.

Hakuwasahau watu wa kwao. Aliongoza chama cha kuwasaidia wakimbizi kutoka Ulaya ya kati, na kati ya 1942 na 1944 aliandika hotuba zaidi ya mia moja zilizotangazwa Ujerumani kupitia redio ya Sauti ya Amerika, akiwasihi Wajerumani waukatae Unazi na kuwaeleza wazi uovu uliotendewa Wayahudi. Baada ya Union alifundisha Harvard, kisha Chicago, alikofariki 22 Oktoba 1965.

Wakosoaji wake hawakukosa. Wapo waliomwona ameilegeza imani kwa kuizungumza kwa lugha ya wanafalsafa. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, lakini inapaswa kupimwa pamoja na kumbukumbu ya Champagne. Tillich hakuyatunga maswali yake maktabani; aliyapokea kutoka kwa vijana waliokuwa wakifa mbele yake, na aliona ni aibu kuwajibu kwa maneno mepesi. Vyuo vyetu vya theolojia, vinavyowaandaa makasisi wa kambi, magereza na hospitali, vimpe nafasi darasani, na vimsome kwanza kama kasisi.