Turkana na Lenzi Isiyovuta

Zamani kamera ilikuwa mgeni wa nadra Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Serikali ya kikoloni iliifunga wilaya. Aliyetaka kuingia alihitaji kibali. Wilaya hiyo ya jangwa ikafaa kuwaweka mbali wale ambao wakoloni hawakutaka waonekane: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha mwaka 1959 akaletwa Lodwar kuishi chini ya ulinzi.

Mwaka 1973 na 1974 walikuja wageni waliokaa. David na Judith MacDougall, mume na mke, walipiga filamu katika boma la mzee aitwaye Lorang: David kwenye kamera, Judith kwenye sauti. Zilitoka filamu tatu, ya kwanza ikiwa The Wedding Camels ya 1977. Humo wazee wanavutana juu ya mahari, ngamia hawa na mbuzi wale, na mtazamaji anaona mambo kutoka pale ambapo mgeni angeketishwa. David baadaye aliandika kuutetea mtindo huo: kamera isijipe nafasi ambayo binadamu aliyepo hana.

Ubishi huohuo upo kwenye kuchagua lenzi. Lenzi ya kuvuta humleta mtu karibu bila wewe kusogea. Lenzi ya praimu, yenye umbali mmoja tu wa fokasi, haivuti. Ukitaka uso, inuka uende, na ukifika itabidi usalimie.

Kambi ya Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, ilianzishwa 1992 na kupokea wavulana waliokimbia vita kusini mwa Sudan. Wanahabari wakafuata. Mwenye saa mbili kabla ya ndege kuondoka huhitaji lenzi ya kuvuta, na si haki kumlaumu. Lakini tangu 2001 shirika la FilmAid lilionyesha filamu kambini, na baadaye likawafunza vijana wakimbizi kupiga za kwao. Mwaka 2008 wakimbizi wakaanzisha gazeti lao, KANERE. Hao hawana ndege ya kuwahi.

Kwa mpiga picha wa huku, praimu ina faida za kushikika. Kwenye nyumba ya Turkana, mchana nje ni moto mweupe na ndani ni giza. Tundu la f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya lile la f/5.6, ambako lenzi nyingi za kuvuta za bei nafuu huishia zikivutwa. Halafu vumbi: lenzi inayorefuka na kufupika huvuta hewa, na hewa ya Kakuma unaijua. Ila ukibadilisha praimu uwanjani, vumbi hilohilo litaingia kwenye kamera yenyewe. Badilisha ndani ya gari, madirisha yamefungwa.

Wengi hununua praimu ya milimita 50 kwa sababu ni rahisi. Ile ya plastiki ambayo Canon waliitoa 1990 ina gramu 130 tu. Kwenye kamera yao yenye kihisi kidogo, hata hivyo, 50 hubana kama 80 kwenye kihisi kikubwa, na ndani ya nyumba mgongo wako utagonga ukuta kabla watu watatu hawajaenea kwenye picha. Kwa kamera kama hiyo, anza na 35.