Mikono Miwili ya Mwaka 1938

Kila Jumanne saa nne asubuhi hunijia mzee mmoja wa miaka 70, mzaliwa wa hapa Kansas City, ambaye bega lake la kulia limekakamaa hata kuvaa shati kwake ni kazi ya dakika kumi. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Nilizaliwa Pangani, na elimu ya chuo ilinikuta tayari nina kitu mikononi: bibi yangu mzaa mama alikuwa mchuaji. Watu walimletea vifundo vilivyoteguka na migongo ya wavuvi, naye akinituma kupasha mafuta ya nazi. Basi mzee akishalala kitandani, nami nikianza kulichua bega, mazungumzo yetu huwa ya mabega, na mara nyingi ya watu wengine kuliko lake.

Majira ya baridi swali lake ni moja. Vilabu vya besiboli vinasajili, na kila mwaka hutajwa mrushaji mkongwe wa miaka 38 au 40, aliyewahi kutisha, aliyepasuliwa kiwiko, ambaye nusu ya msimu uliopita aliimaliza akiwa majeruhi. Asajiliwe au aachwe? Vijana wa kazini kwetu hujibu swali kabla halijaisha: aachwe, pesa apewe kijana. Mzee wangu hunyamaza kidogo, kisha husema kwamba watu wa mji huu wa Kansas City ndio hasa wasiofaa kujibu hivyo. Nilikwenda mara nne kwenye jumba la makumbusho la Ligi za Weusi, pale mtaa wa 18 na Vine, ndipo nikamwelewa.

Msomaji wa nyumbani asiyeujua mchezo huu afikirie mtu aliyesimama mita 18 na ushei kutoka kwa mpigaji mwenye rungu. Anarusha mpira mdogo mgumu, nguvu ya mwili mzima ikipita begani na kiwikoni, mara 100 kwa mechi. Kila timu ina zamu 9 za kupiga, na hakuna kinachoanza mpaka mrushaji arushe. Mkono wa binadamu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Wanaoifanya wanaijua siku ya kwanza waliyoamka wakashindwa kuchana nywele.

Mwaka 1938 mikono miwili mikubwa kuliko yote Marekani iliharibika kwa pamoja. Wenye mikono hiyo walifahamiana vizuri. Mwaka 1934, msimu wa ligi ulipokwisha, walizunguka miji wakishindana mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mmoja alikuwa Dizzy Dean, Mzungu, mrushaji wa St. Louis Cardinals aliyeshinda mechi 30 mwaka huohuo wa 1934. Wa pili alikuwa Satchel Paige, Mweusi, mzaliwa wa Mobile, Alabama, tarehe 7 Julai 1906, ambaye wakati huo hakuna klabu ya ligi kuu iliyoruhusu akanyage uwanja wake kama mchezaji wake.

Dean aliumia mguu kwanza. Julai 1937, katika mechi ya nyota, mpira uliopigwa na Earl Averill ulimvunja kidole cha mguu. Alirudi kabla hakijapona, akawa anarusha huku akikihurumia kidole, na mzigo uliokuwa wa mguu ukahamia mkononi. Sisi wa tiba ya viungo tunafundishwa hili mapema sana: anayechechemea mguu, siku moja atalia bega. Aprili 1938 Chicago Cubs walimnunua kwa dola 185,000 pamoja na wachezaji watatu, ingawa mwisho wa msimu uliotangulia kila mtu alishaona mkono wake umepungua. Alikuwa na miaka 28 tu.

Mpaka leo usajili ule hutajwa kama kielelezo cha pesa iliyotupwa. Mimi sikubali. Mwaka huo Dean alishinda mechi 7 na kupoteza 1, kwa mipira ya polepole na akili. Septemba 27, Cubs wakifukuzana na Pittsburgh Pirates siku za mwisho kabisa, alisimama akawafunga hao hao Pirates 2-1. Cubs walitwaa ubingwa wa ligi yao wakiwa wamewazidi Pirates kwa mechi 2. Ondoa ushindi 7 wa majeruhi yule, uone ubingwa unabaki wapi. Katika fainali aliwazuia Yankees mpaka zamu ya nane, akiwa hana tena mkono wa maana, ndipo Frank Crosetti akaupiga mpira nje ya uzio. Kosa lilikuja baadaye, pale walipomtazama wakingoja yule wa 1934 arudi. Mwaka 1939 alishinda 6, mwaka 1940 akashinda 3, halafu basi.

Paige naye mkono wake ulimfia Mexico. Alikuwa amerusha tangu 1926 karibu mfululizo, kiangazi na masika, kwa sababu mchezaji Mweusi hakuwa na mshahara wa kumlisha miezi ya mapumziko. Alipumzika kwa kubadili nchi. Mwaka 1938, akiwa na miaka 32, bega lilimkamata asiweze kuunyanyua mkono, na daktari akamwambia hatarusha tena. Alirudi nyumbani, na vilabu vilivyokuwa vikimgombania vikanyamaza.

Aliyemchukua ni J. L. Wilkinson, mwenye Kansas City Monarchs, timu ya Ligi za Weusi. Wilkinson alikuwa Mzungu, na alikuwa mfanyabiashara hasa: ndiye aliyezunguka na taa zake kwenye magari kuanzia 1930 ili timu yake icheze usiku, miaka mitano kabla ligi kuu haijathubutu. Alijua kwamba mkono umekufa lakini jina li hai. Akampeleka kwenye kikosi cha pili cha Monarchs, kilichotembea miji midogo kwa jina la Paige, na watu wakaja kumwona akirusha mipira miwili mitatu ya taratibu kisha akasimama pembeni akicheza nafasi nyingine.

Wilkinson alimpa kitu ambacho hakuna klabu iliyokuwa imempa, nacho ni muda. Na Monarchs walikuwa na mchuaji wao, Frank Floyd, aliyelishughulikia bega lile kwa maji ya moto, maji ya baridi na vidole. Niliposoma habari za Floyd mara ya kwanza nilikaa kimya kwenye gari, nikayakumbuka mafuta ya bibi. Vitabu vya besiboli vimejaa wamiliki na makocha. Mchuaji hupewa mstari mmoja. Mwaka 1939 mkono ukarudi. Mwaka 1942 Monarchs waliwafunga Homestead Grays mechi 4 kwa 0 katika fainali ya Ligi za Weusi, huku Paige akimtoa Josh Gibson wa Grays, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote, kwa mipira mitatu tu.

Huo ndio mkono ambao Bill Veeck, mmiliki wa klabu ya ligi kuu ya Cleveland, aliusajili mwaka 1948. Jackie Robinson, Mweusi aliyevunja kizuizi cha ligi kuu, alikuwa ameingia Brooklyn mwaka uliotangulia, na Larry Doby, Mweusi pia, akaingia Cleveland miezi michache baadaye. Paige alijaribiwa uwanjani na Lou Boudreau, aliyekuwa meneja na mchezaji kwa wakati mmoja, na ambaye mwisho wa msimu alichaguliwa mchezaji bora wa ligi. Boudreau alichukua rungu mwenyewe. Alipomaliza hakuwa na pingamizi. Mkataba ulitiwa saini tarehe 7 Julai, siku Paige alipotimiza miaka 42.

J. G. Taylor Spink, mhariri wa The Sporting News, gazeti lililosomwa na kila mtu wa besiboli, aliandika kwamba kumsajili mchezaji mpya wa umri huo ni kuishusha hadhi ligi kuu, na kwamba angekuwa Mzungu asingetazamwa mara mbili. Maneno hayo hunichoma kila ninapoyakumbuka. Mchezaji mpya wa miaka 42! Nani aliyemfanya awe mpya katika umri huo? Miaka 22 alisimama nje ya lango, akirusha, na waliolifunga lango ndio waliomhesabia miaka. Mzee wangu husema hivyo kwa sauti ya chini, bila hasira, na mimi nasita kidogo kuchua.

Agosti 3, alipoanza mechi kwa mara ya kwanza, walikuja watu 72,434. Agosti 13, Chicago, hakuruhusu alama hata moja; Agosti 20, nyumbani Cleveland, mbele ya watu 78,382, hakuruhusu tena. Nguvu za 1934 hazikuwepo. Alikuwa na mipira ya mwendo wa aina nyingi, na mmoja uliowachanganya wapigaji kabisa: mkono ulikwenda juu, ukasimama kitambo kidogo hewani, mpigaji akaanza kuzungusha rungu, ndipo mpira ukatoka. Rais wa ligi, Will Harridge, aliupiga marufuku msimu huohuo. Kwetu husemwa ng'ombe hazeeki maini.

Mwisho wa msimu alikuwa ameshinda 6 na kupoteza 1, akiruhusu wastani wa alama 2.48 kwa kila zamu 9. Cleveland na Boston Red Sox walimaliza mechi 154 wakiwa sawa, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea katika ligi ile. Ikachezwa ya 155, Oktoba 4, na Cleveland wakashinda 8-3. Ungepungua ushindi mmoja tu kati ya ushindi 6 wa Paige, mechi hiyo isingekuwepo, na ubingwa wa dunia walioutwaa wiki moja baadaye usingekuwepo. Veeck alimpelekea Spink simu za maandishi kumkumbusha matokeo hayo.

Nikiwaeleza vijana wa kazini haya, huniambia siku hizi ni sayansi. Ni kweli, na inasaidia. Septemba 1974 daktari Frank Jobe alitoa kano kwenye mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John akaishona kwenye kiwiko cha kushoto, akampa nafasi moja kati ya mia. John alikaa nje msimu mzima wa 1975, kisha akashinda mechi 164 baada ya upasuaji, na akastaafu 1989 akiwa na miaka 46. Waliosema aachwe mwaka 1975 walikuwa na hesabu nzuri sana mikononi. Upande wa pili yupo mrushaji Catfish Hunter: miaka 28, mzima kabisa, akasajiliwa na Yankees siku ya mwisho ya 1974 kwa pesa zilizoshtua nchi. Msimu wa kwanza alirusha zamu 328. Bega likaanza kumwangusha, na akiwa na miaka 33 alikuwa amestaafu. Kwa hiyo ninapoulizwa juu ya mkongwe fulani, siulizi kwanza miaka yake. Nauliza amerusha kiasi gani, nani atamwambia apumzike, na klabu inamtaka kwa mechi ngapi. Akitakiwa kwa mechi 12 za Agosti na Septemba, nitasema msajilini leo. Akitakiwa awe yule wa zamani, mwacheni aende nyumbani kwa heshima.

Paige alirudi hapa mjini mara moja zaidi kama mrushaji. Septemba 1965 Kansas City Athletics walimsajili akiwa na miaka 59, na tarehe 25 wakamkalisha kwenye kiti cha kubembea, na nesi pembeni yake. Ilikuwa mbinu ya kuuza tiketi, walikuja watu 9,289, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 10 aliyebebwa mabegani na baba yake. Paige alirusha zamu 3 dhidi ya Boston. Carl Yastrzemski peke yake ndiye aliyempiga. Alipotoka, taa zilizimwa na watu wakawasha viberiti. Miaka mitatu baadaye Atlanta Braves walimwandikisha tena, bila kumtaka arushe chochote, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku 158 tu apate haki ya pensheni.

Jumanne iliyopita mzee aliketi kitandani, akaniambia nisimame mbali kidogo. Akaunyanyua mkono wa kulia polepole, ukapita sikio kwa mara ya kwanza tangu Machi, ukasimama juu kitambo, ukatetemeka. Nami, bila kutaka, nikainama mapema.