Pampu ya Ioni na Shinikizo la Damu

Pampu ya ioni ni protini iliyopenya utando wa seli, yaani ngozi nyembamba ya mafuta inayotenga maji ya ndani ya seli na maji ya nje, na kazi yake ni kuhamisha ioni, ambazo ni chembe za madini zenye chaji ya umeme, kutoka upande zilipo chache kwenda upande zilipo nyingi. Uzito wote wa fasili hii umo katika maneno yake ya mwisho. Makayabu, samaki wa chumvi anayeuzwa katika masoko ya Bunia, mashariki mwa Kongo, akilowekwa usiku kucha, chumvi humtoka yenyewe ikaingia majini, kwa kuwa chembe zikiachwa huru hutoka penye wingi kwenda penye uchache. Pampu hufanya kinyume, na kwa hiyo haifanyi kazi yake ila kwa kutumia nishati. Ile ya sodiamu na potasiamu, iliyogunduliwa na Jens Christian Skou wa Denmark katika neva za kaa na kuelezwa mwaka 1957, hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu kila inapovunja molekuli moja ya ATP, ambayo ni akiba ya nishati ya seli. Ugunduzi huo ulimpa Skou Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997.

Katika kuitafutia dhana hii jina la Kiswahili, neno linalokuja kwanza ni bomba, ambalo katika Kireno, lilikotoka, ni chombo cha kuvutia maji, lakini katika Kiswahili hutaja pia neli yanamopita maji hayo. Utata huo hauna madhara mtaani. Katika utando wa seli, hata hivyo, unaficha kiini chenyewe cha somo, kwa sababu utando una pampu na pia una mifereji ya ioni, yaani matundu yenye milango ambayo yakifunguka ioni hupita zenyewe. Anayeteka maji katika chemchemi iliyotegwa neli hukinga bidoni tu, maji yakashuka. Anayeteka katika kisima cha pampu hushika mkono wa chuma, akaushusha na kuupandisha, na akipumzika maji hukatika. Wa kwanza amesimama mbele ya mfereji, wa pili mbele ya pampu. Tofauti hiyo ina uzito zaidi Bunia, ambako mwanafunzi wa uuguzi husoma kwa Kifaransa, lugha inayotenga pompe na canal, kisha humweleza kwa Kiswahili mgonjwa wa tansiyo, jina la huko la kile ambacho Mombasa na Dar es Salaam huitwa presha. Vivyo hivyo, jina ukuta wa seli haliwezi kushika nafasi ya utando, maana seli ya mtu haina ukuta.

Pampu huathiri shinikizo la damu kwa njia mbili. Ya kwanza imo katika figo: pampu ndizo zinazoendesha kazi ya kuirudisha sodiamu kwenye damu kabla haijapotea katika mkojo, na maji huifuata, ujazo wa damu ukaongezeka na shinikizo likapanda. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na kipande cha makayabu kisicholowekwa vya kutosha huweza kumaliza sehemu kubwa ya kipimo hicho.

Njia ya pili imo katika misuli laini ya kuta za ateri ndogo. Misuli hiyo hujikaza kalsiamu inapozidi ndani ya seli zake, na kalsiamu hutolewa, kwa sehemu, na protini inayofaa kuitwa kibadilishi, ambayo huingiza ioni 3 za sodiamu ili kutoa ioni 1 ya kalsiamu. Kibadilishi hakivunji ATP. Nguvu yake hutokana na wingi wa sodiamu uliopo nje, na wingi huo ni kazi ya pampu. Pampu ikilegea, sodiamu hujaa ndani, kibadilishi hudhoofika, kalsiamu husalia, mshipa hubana, na moyo husukuma damu katika njia iliyofinywa. Mordecai Blaustein wa Marekani alieleza mnyororo huu mwaka 1977. Haujibu kila hali ya shinikizo la juu, kwani urithi, umri, unene na maradhi ya figo vina sehemu yao, lakini unaonyesha jinsi chumvi na mshipa vinavyokutana ndani ya seli moja.

Kizuizi cha pampu hii kimejulikana Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Msunguti, mti ambao Wagiriama na Wakamba walitoa humo sumu ya mishale, una wabaini, kemikali yenye jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu hiyo, nayo hujishika kwenye pampu kwa upande wa nje wa utando na kuisimamisha. Mwindaji wa jamii ya Waata ya Kenya aliyemwangusha tembo kwa mshale alikuwa akizisimamisha pampu za moyo wa mnyama huyo kabla pampu hizo hazijapata jina katika maabara yoyote.

Digoksini, dawa ya moyo, huizuia pampu hiyohiyo kwa kipimo kidogo, kalsiamu ikaongezeka na moyo ukapiga kwa nguvu zaidi. Amlodipini, inayoandikiwa wagonjwa wengi wa shinikizo la damu, haiigusi pampu: huziba mifereji ambayo kalsiamu huingilia katika misuli ya mishipa, na mishipa ikalegea. Muuguzi aliyefundishwa kwamba dawa zote mbili huziba mabomba hana namna ya kumweleza mgonjwa kwa nini moja hupunguza kalsiamu katika seli na nyingine huizidisha.