Kibaba na Kibuyu: Anayekula Kidogo Anywe Maji Kiasi Gani?



Msimu wa harusi ukikaribia, mazungumzo huwa ni yale yale. Bibi harusi anataka apungue kabla ya siku yake, shoga zake nao wanataka gauni likae vizuri. Mmoja amepewa daiti ya kalori 800 kwa siku, mwengine chini ya hapo. Na daiti hizo huja na nyongeza moja: kunywa maji mengi kadiri uwezavyo. Wengine hutajiwa lita 4, wengine 5. Njaa ikipiga hodi, glasi nyengine.

Hilo la maji ndilo nataka tulizungumze leo, na tutalifikia kwa kupitia njia ya zamani: njia ya misafara iliyotoka huku kwetu pwani kwenda bara, ikakatiza nchi ambayo leo ni mkoa wa Singida. Watu wa njia ile walijua kula kwa kipimo na kunywa kwa kipimo, na walijua kuwa vipimo hivyo viwili havitengani.

Mgunda Mkali

Msafara wa Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ulipita Ugogo. Kabla ya kuingia Ugogo kulikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali, maji makali, kwa jinsi maji yake yalivyokuwa machungu. Ukitoka Ugogo upande wa magharibi, ukaipita Mdaburu, ulianza Mgunda Mkali, shamba kali: pori kavu na vichaka vizito mpaka Tura, kwenye mlango wa Unyamwezi. Sehemu kubwa ya njia hiyo leo iko upande wa Manyoni na Itigi, mkoani Singida, na vichaka vile bado wataalamu wa mimea wanaviita kwa jina la Itigi.

Nchi hiyo hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Disemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukavu. Hata Singida mjini, penye maziwa ya Singidani na Kindai, maji unayoyaona kwa macho ni ya chumvi. Sisi wa visiwani tunaielewa hali hiyo: kuzungukwa na maji usiyoweza kuyanywa.

Posho ya kawaida ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kibaba na pishi sote tunavijua kwa Zakaatul-fitri: vibaba vinne ndiyo pishi moja. Kibaba cha misafara kilikadiriwa kuwa ratili moja na nusu, kama gramu 680. Ukiwa ni mtama, hiyo ni karibu kalori 2,300. Sasa fanya hesabu: kalori 800 za daiti yako ni kama theluthi ya kibaba. Mpagazi aliyepewa theluthi ya kibaba angesema msafara umeingia njaa.

Kwa upande wa maji, palikuwa na mwendo ulioitwa terekeza. Wakijua mbele hakuna maji, wapagazi walipika na kula mchana penye kisima, wakanywa, wakajaza vibuyu, kisha wakaondoka alasiri. Walilala njiani pasipo maji, na asubuhi wakaendelea hadi kisima cha pili. Wanawake walikuwamo katika safari hizo: wake wa wapagazi wa Kinyamwezi walibeba vyungu na vibuyu, na kambini walikuwa wapishi.

Tazama utaratibu wenyewe. Chakula na maji viliingia tumboni pamoja, na kibuyu kilinywewa kidogo kidogo njiani. Hakuna aliyedhani kuwa kibuyu kitachukua nafasi ya kibaba.

Pori moja, safari mbili

Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipita Mgunda Mkali wakiwa na watu wa pwani, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, ambaye maisha yake yalifungamana na Unguja. Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Shida ya pori ilikuwa maji: kila kituo kilipangwa kwa kisima.

Mwisho wa 1860 na mwanzo wa 1861 Speke alirudi njia ile ile pamoja na James Grant, na Bombay alikuwamo tena. Safari hii mvua zilikuwa zimeshuka, mito ya msimu imefurika na maji yapo kila upande. Kilichokosekana ni nafaka, kwa kuwa nchi ilikuwa na njaa. Wapagazi wengi wakatoroka, na waliobaki wakaishi kwa mboga za porini na nyama ya wanyama waliowindwa.

Pori lile lile, miaka mitatu tu baadaye, lilitoa somo la pili. Maji yakiwa tele na chakula kikiwa haba, mtu bado ana njaa. Maji hujaza tumbo kwa saa moja, lakini hayana cha kuupa mwili.

Maji yaliyomo ndani ya chakula

Hapa ndipo penye siri ambayo daiti nyingi haziielezi. Sehemu ya maji tunayopata kwa siku hatuinywi, tunaila. Kwa mtu anayekula kawaida ni kama sehemu moja kwa tano, na kwa mla ugali, wali wa nazi, mchuzi na matunda inaweza kuzidi.

Chukua kibaba cha mpagazi. Unga kilo 1 wa ugali hunywa maji kama lita 2. Kwa hiyo aliyekula kibaba kizima alipata zaidi ya lita 1 ya maji kutoka kwenye ugali peke yake. Akipunguziwa hadi theluthi, anapata chini ya nusu lita. Amepunguziwa chakula, na bila kujua amepunguziwa na maji.

Kuna na jengine. Siku za mwanzo za kula kidogo, mwili hutumia akiba ya sukari iliyomo kwenye ini na misuli. Kila gramu ya akiba hiyo imeshikana na gramu kama 3 za maji, na zote hutoka pamoja. Figo nalo huanza kumwaga chumvi zaidi kuliko kawaida. Ndiyo maana kilo mbili za wiki ya kwanza hukimbia haraka, na ndiyo maana kichwa huuma na miguu hulegea. Nyingi ya kilo hizo ni maji na chumvi, mafuta bado yapo.

Kwa hiyo ni kweli kwamba anayekula kidogo sana anahitaji kunywa zaidi. Swali ni zaidi kiasi gani.

Njaa ya Mtunya, na watu 36 wa Minnesota

Nchi ya Wagogo, ambayo upande wake wa magharibi ni Manyoni, ilipata njaa kubwa kati ya 1917 na 1920. Wenyewe waliiita Mtunya, kunyang'anyana. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita, halafu mvua zikakosekana. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo, ameandika kuwa iliua watu 30,000 kati ya 150,000. Tunapotamka neno "kujinyima" kwa wepesi, ni vyema tukumbuke kuwa kuna ardhi ya Tanzania ambako neno hilo lina makaburi.

Vita vya pili vilipokuwa vinaelekea kumalizika, mwanasayansi wa Marekani Ancel Keys alitaka kujua njaa inaufanya nini mwili. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, vijana 36 waliojitolea walikula kama kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24. Angalia kuwa hiyo ni karibu mara mbili ya daiti ya 800. Maji hawakuzuiliwa. Walichofanya ni kuongeza maji kwenye chakula ili kionekane kingi, na wakanywa chai na kahawa kupita kiasi hadi kahawa ikabidi iwekewe mpaka. Njaa haikuondoka. Na badala ya kukauka, wengi walivimba miguu na uso, kwa sababu mwili wenye njaa huzuia maji mahali pasipo pake. Uvimbe wa namna hiyo ndio unaoonekana kwa watu wa kila njaa kubwa.

Glasi nane zilitoka wapi?

Mwaka 1945 huo huo, bodi ya lishe ya Marekani iliandika kuwa mtu mzima anahitaji kama lita 2.5 za maji kwa siku, na ikaongeza kwamba sehemu kubwa yake imo tayari ndani ya chakula. Watu wakashika nusu ya kwanza, wakaiacha ya pili. Mwaka 1967 daktari Irwin Stillman akatoa kitabu chake cha kupungua haraka, chenye sharti la glasi nane kila siku juu ya chakula cha protini. Tangu hapo daiti na maji mengi vikawa mapacha.

Miaka ya 1976 na 1977 ikaja daiti ya protini ya maji, inayohusishwa na kitabu cha Robert Linn. Watu waliishi kwa kinywaji cha kalori chache mno, chenye protini duni na madini pungufu. Vifo kama 60 viliripotiwa Marekani, wengi wao wanawake, na wengi kwa moyo kupoteza mapigo yake. Kinywaji hakikukosekana. Kilichokosekana ni kilichopaswa kuwa ndani ya kinywaji.

Kwa nini lita 5 ni hatari zaidi kwa mwenye njaa

Figo haliwezi kutoa maji matupu. Kila lita ya mkojo lazima itoke na kiasi fulani cha chumvi na mabaki ya protini. Mtu anayekula vizuri ana mabaki ya kutosha, kwa hiyo figo lake linaweza kumwaga hata lita 10 na zaidi kwa siku. Anayekula theluthi ya kibaba ana mabaki machache, na uwezo huo unaweza kushuka hadi lita 4 hivi. Akinywa zaidi ya figo linavyoweza kutoa, maji yanabaki, yanaizimua chumvi ya damu, na ubongo unavimba.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika na kuchanganyikiwa, kisha degedege na kuzimia. Balaa ni kwamba dalili za mwanzo zinafanana na za kiu, kwa hiyo mtu huongeza glasi nyengine. Ukimwona mwenzako katika hali hiyo, usimpe maji zaidi. Mpeleke hospitali.

Kipimo

Mzani wa Ulaya kwa mwanamke ni lita 2 kwa siku pamoja na maji ya chakula, na wa Marekani ni lita 2.7, pia pamoja na ya chakula. Kwa aliye kwenye daiti ya kalori 800 chini ya daktari, ambaye chakula chake hakina maji mengi, kipimo cha kawaida ni kati ya lita 2 na 2.5 za kunywa, yaani glasi 8 hadi 10. Chai isiyo na sukari, supu na maji ya kuchanganyia unga wa daiti vyote vimo kwenye hesabu. Siku ya joto kali au ya kazi nyingi jikoni, ongeza glasi moja au mbili.

Ugawe mchana kutwa, kama kibuyu cha terekeza. Aliyefunga asijitwishe lita 2 wakati wa daku. Agawe kuanzia futari. Mkojo uwe wa manjano hafifu: ukiwa wa rangi nzito, ongeza, ukiwa mweupe kama maji siku nzima, punguza. Na usikate chumvi yote bila kuambiwa na daktari.

Daiti hizi zina mahali pake. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwishoni mwa 2017 uliwapa watu wenye kisukari chakula cha kalori kati ya 825 na 853 kwa miezi 3 hadi 5, na karibu nusu yao kisukari kilitulia baada ya mwaka. Lakini vidonge vyao vilipangwa upya tangu siku ya kwanza na walifuatiliwa kwa karibu. Huko huko Uingereza mwongozo ni kutozidi wiki 12 kwa kalori 800 au chini. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye maradhi ya moyo au figo, na anayetumia dawa za kisukari au presha asiianze kwa ushauri wa shoga.

Tumefundishwa kugawa tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Mafundisho hayo hayakusema theluthi ya chakula ikipungua, kinywaji kijaze pengo lake na la pumzi pia. Wapagazi wa Mgunda Mkali waliipima nafaka kwa kibaba na maji kwa kibuyu, na waliofika Tura walifika kwa vyote viwili.