Glovu, Reli na Miwa: Ngumi za Ridhaa Zikitazamwa Kutoka Ifakara

Julai 1970, mjini Edinburgh, Uskochi, bondia wa Tanzania Titus Simba alipanda ulingoni kuwania dhahabu ya uzito wa kati katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mbele yake alisimama kijana wa Liverpool, John Conteh, ambaye miaka minne baadaye angekuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Simba alishindwa, akarudi nyumbani na medali ya fedha. Oktoba mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA) ulizinduliwa, na njia yake ikapitishwa katika Bonde la Kilombero: Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mlimba.

Bondia na reli, vyote viwili vilitegemea serikali. Bila kulielewa hilo, historia ya ngumi za ridhaa nchini haisomeki.

Mchezo wenyewe uliletwa na Waingereza, na ulistawi kwanza kambini. Katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) maofisa waliwapambanisha askari kwa makonde kama walivyowapambanisha kwa mbio na kuvuta kamba. Idi Amin, kabla ya kuwa mtawala wa Uganda, alikuwa bingwa wa ngumi wa nchi hiyo akiwa askari wa KAR. Baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi la kikoloni lilivunjwa Tanganyika, na Septemba mwaka huo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa. Jeshi likawa jipya, lakini glovu zilibaki. Hadi leo majina yanayosikika kwenye mashindano ya ridhaa ni yaleyale: Ngome ya JWTZ, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Polisi, Magereza.

Sababu yake haina fumbo. Bondia wa ridhaa halipwi kwa pambano. Anacheza raundi tatu, anashinda kwa pointi, anavikwa medali, anarudi nyumbani. Lakini anakula kuliko jirani yake, anaamka alfajiri kukimbia, na jioni anahitaji saa mbili za kuruka kamba na kupiga begi. Kijana anayelima mpunga wa mvua kando ya mto Kilombero hawezi kuzipata saa hizo msimu wa kupanda, wala msimu wa kuwinga ndege. Mwenye mshahara na mkuu wa kikosi anayependa michezo anazipata.

Ukiangalia kwa jicho hilo, bonde hili lilijaliwa. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha kikawa mali ya umma. Reli ilikuja na karakana na vituo vyake. Mwaka 1975 mitambo ya umeme ya Kidatu ilianza kuzunguka. Kiberege na Idete kuna magereza yenye mashamba makubwa, na Chita kuna kambi ya JKT, jeshi lililoanzishwa mwaka 1963 na ambalo baadaye wahitimu wa sekondari walipitia kwa lazima. Ni wilaya chache za bara zilizokuwa na waajiri wengi kiasi hicho, wenye sare na wasio na sare, katika bonde moja.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1994 mafunzo ya JKT kwa vijana wa mujibu wa sheria yalisitishwa, yakaja kurejea mwaka 2013. Mwaka 1998 serikali ilibinafsisha kiwanda cha sukari cha Kilombero, kikaingia mikononi mwa Illovo ya Afrika Kusini. Mwaka huohuo wa 1998, mjini Kuala Lumpur, Michael Yombayomba alitwaa dhahabu ya uzito wa bantam katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ndiyo dhahabu pekee ya ngumi ambayo Tanzania imewahi kuipata katika michezo hiyo. Yombayomba alikuwa tunda la miaka iliyotangulia. Waliomfuata walikuta mashirika mengi ya umma yameuzwa au yanahesabu kila shilingi.

Ukame wa medali za ngumi katika michezo hiyo ulidumu miaka 24. Ulikoma mwaka 2022 mjini Birmingham, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walipoleta shaba mbili. Katika pengo hilo vijana walikimbilia ngumi za kulipwa, na mkoa wa Morogoro, ambao Kilombero ni sehemu yake, ukatoa Francis Cheka na Twaha Kassim, maarufu kama Kiduku. Hakuna wa kuwalaumu. Fedha ilikuwa huko.

Je, mji mdogo wa wakulima unaweza kulea mabondia wa ridhaa? Jibu liko Bhiwani, katika jimbo la Haryana, India. Hawa Singh, mwanajeshi aliyetwaa dhahabu ya uzito wa juu katika Michezo ya Asia ya 1966 na 1970, alistaafu akarudi kufundisha vijana wa huko. Mwaka 2008 India ilipeleka mabondia watano katika Olimpiki ya Beijing, na wanne kati yao walitoka Bhiwani. Mmoja wao, Vijender Singh, mtoto wa dereva wa basi, alishinda shaba, medali ya kwanza ya ngumi ya India katika Olimpiki. Nyuma yao kulikuwa na ajira: jeshi la India, polisi na shirika la reli huwachukua wanamichezo na kuwapa muda wa mazoezi.

Ifakara ina reli. Ina gereza jirani, ina kambi ya JKT upande wa Chita, ina miwa. Tangu daraja la Magufuli lichukue nafasi ya kivuko, hata kijana wa Ulanga anaweza kuja mazoezini asubuhi na kurudi kwao jioni. Kinachotakiwa hakizidi bajeti ya semina chache: ukumbi wenye paa, begi nne, glovu jozi kumi na kocha mstaafu wa Magereza au JWTZ anayelipwa posho kwa wakati. Halmashauri ya mji, TAZARA na kampuni ya sukari wakae meza moja, kila mmoja aajiri vijana wawili wenye ngumi nzuri.