Kilindini: Jina na Manowari

Jina Kilindini limeundwa kwa nomino kilindi, yaani maji yenye kina kirefu, na kiambishi cha mahali -ni. Waliolitunga walikwisha kuyajua maji hayo kabla ya Waingereza kuyachorea ramani.

Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, yaelekea bandari ya zamani, upande wa pili wa kisiwa cha Mombasa. Majahazi yaliridhika nayo. Manowari za chuma zilidai kina. Aprili 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon, Waingereza walihamishia Kilindini makao ya kundi lao la manowari za Bahari ya Hindi. Mwaka 1980 Kenya ikawakubalia Wamarekani nao waitumie bandari ya Mombasa.

Habari hizi husimuliwa mara nyingi kana kwamba pwani hiyo haikuwa na wenyewe. Walikuwapo Wakilindini, mojawapo ya Thelatha Taifa, pamoja na Wachangamwe na Watangana. Je, watu ndio waliolipa eneo jina lao? Mofolojia yakataa: kiambishi -ni kimebaki ndani ya jina la watu. Waliitwa kwa kilindi chao.